Je, Wajua? Alama Moja Inayoilisha Programu Bila Kibodi

Je, wajua kwamba programu unayoiendesha kwenye dirisha la terminali haijali kama maneno inayoyasoma yametoka kwenye vidole vyako au kwenye faili? Kwa kawaida kila programu huanza ikiwa na njia tatu zilizokwisha kufunguliwa: namba 0 ya kuingizia, namba 1 ya kutolea majibu na namba 2 ya kutolea taarifa za makosa. Ukiandika `sort` peke yake, njia namba 0 imeunganishwa na kibodi. Ukiandika `sort < majina.txt`, imeunganishwa na faili. Programu ni ileile, haikuguswa hata herufi moja, na aliyeamua isome kutoka wapi ni wewe.

Kazi ya kuunganisha hufanywa na sheli, yaani ile programu inayopokea amri zako, kama bash au zsh. Ikikutana na alama ya `<`, sheli hutengeneza nakala yake. Nakala hiyo hulifungua faili, huliweka mahali pa njia namba 0, kisha huipisha programu uliyoitaja. Programu ikianza inakuta kila kitu kimeshaandaliwa. Haioni alama, haioni jina la faili.

Jaribu mwenyewe. Chukua faili lenye majina 40 ya wanafunzi, kila jina kwenye mstari wake.

    wc -l majina.txt
    40 majina.txt

    wc -l < majina.txt
    40

Mara ya kwanza `wc` ilipewa jina la faili, ikalifungua yenyewe na ikalitaja kwenye jibu. Mara ya pili haikupewa jina lolote, kwa hiyo haikuwa na la kutaja. Mwandishi wa skripti anayetaka namba tupu ameshaipata, hana haja ya kuchuja chochote.

Je, wajua kwamba alama hiyo inaweza kukaa popote kwenye amri? `< majina.txt sort` ni sawa kabisa na `sort < majina.txt`.

Na je, wajua kwamba ipo programu maarufu isiyojua kabisa kufungua faili? Ni `tr`, ambayo hubadilisha herufi moja kuwa nyingine. Haipokei jina la faili kwa namna yoyote. Asiyejua kuelekeza ingizo atabaki kuichapia kwa mkono.

Kabla ya Unix, kuhamisha njia za programu kulikuwa kazi ya hatua kadhaa. Kwenye Multics, mfumo ambao Bell Labs ilishirikiana na MIT na General Electric kuujenga hadi ilipojitoa mwaka 1969, kupeleka orodha ya mafaili kwenye faili badala ya skrini kulihitaji amri tatu: ya kwanza kuigeuza njia, ya pili kuorodhesha, ya tatu kuirudisha njia ilikokuwa. Dennis Ritchie alizionyesha amri hizo tatu alipoandika historia ya Unix. Yeye na Ken Thompson, pale Murray Hill, New Jersey, walilichukua wazo la Multics wakalipunguza likawa alama moja ndani ya amri ileile. Ukisahau kuirudisha njia, hakuna kinachoharibika, kwa sababu mabadiliko huisha programu inapoisha. Kwa maoni yangu, hilo ni miongoni mwa maamuzi bora kabisa yaliyowahi kufanywa katika historia ya kompyuta, na limedumu zaidi ya miaka 50 bila kuhitaji marekebisho.

Je, wajua kwamba bomba, ile alama ya `|` inayoipeleka kazi ya programu moja moja kwa moja kwenye ingizo la nyingine, liliombwa miaka mingi kabla halijatengenezwa? Tarehe 11 Oktoba 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika waraka akitaka programu ziweze kuunganishwa kama mipira ya kumwagilia bustani. Thompson alilitia bomba ndani ya Unix kwa usiku mmoja, na mwongozo wa toleo la tatu, wa Februari 1973, tayari ulikuwa na ukurasa wake. Mwanzoni halikuandikwa kwa `|`. Lilitumia alama ileile inayopeleka majibu kwenye faili, yaani `>`, na amri ndefu ilijaa mishale hadi msomaji ashindwe kujua kipi ni faili na kipi ni programu. Alama ya sasa ilikuja baadaye kidogo, mwaka huohuo wa 1973.

Kwa nini njia ya makosa ni tofauti na ya majibu? Bell Labs walikuwa na mashine ya kupanga herufi kwa mwanga kwenye karatasi ya picha, na karatasi hiyo ilipaswa kusafishwa kwa dawa kabla ya kusomeka. Siku moja watu kadhaa walitoka na karatasi iliyosafishwa vizuri, na juu yake mstari mmoja tu uliopangwa kwa herufi nzuri: faili fulani halikuweza kufunguliwa. Taarifa ya kosa ilikuwa imefuata njia moja na majibu. Manung'uniko yakasikika kwa wahusika, na baada ya siku chache njia namba 2 ikawepo. Leo unaweza kuelekeza ingizo na tokeo la programu utakavyo, na bado kosa likitokea litakufikia pale kwenye dirisha lako.

Je, wajua kwamba dirisha lenyewe la terminali huiga mashine ya chuma? Teletype Model 33, iliyoingia sokoni mwaka 1963, ilikuwa na kibodi, karatasi ya kuchapia na, kwa aina iliyoitwa ASR, kisomeo cha utepe wa karatasi wenye matundu. Ilipitisha herufi 10 kwa sekunde. Ukiwasha kile kisomeo, herufi za kwenye utepe ziliingia kwenye kompyuta kama vile zimechapwa na mtu. Kumbe kuilisha programu kwa kazi iliyoandaliwa mapema kulikuwapo hata kabla ya alama ya `<`!

Huko ndiko zilikotoka Ctrl-S na Ctrl-Q. Ya kwanza ilikizima kisomeo cha utepe, ya pili ilikiwasha. Leo kisomeo hakipo, lakini ukibonyeza Ctrl-S kwa bahati mbaya dirisha lako linaganda na unaweza kudhani kompyuta imekufa. Haijafa. Bonyeza Ctrl-Q. Na kama huzihitaji kabisa, amri `stty -ixon` itaziondoa katika kipindi hicho.

Ctrl-D nayo inaeleweka vibaya sana. Watu wengi hudhani inatuma herufi fulani ya mwisho kwa programu. Sivyo. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, hushikilia mstari unaouchapa hadi ubonyeze Enter, na ndiyo maana unaweza kufuta makosa kabla programu haijaona kitu. Ctrl-D huiambia kerneli ikabidhi mara moja kilichopo. Kama mstari hauna kitu, programu hukabidhiwa herufi sifuri, nayo huelewa kwamba ingizo limekwisha. Kama umeshaandika herufi tatu, programu hukabidhiwa hizo tatu na huendelea kusubiri. Kwa hiyo katikati ya mstari unahitaji kubonyeza Ctrl-D mara mbili. Endesha `cat`, andika `abc`, bonyeza Ctrl-D mara moja, utaona `abc` ya pili ikitokea hapohapo ubavuni. Bonyeza tena, `cat` inaondoka.

Kwenye Windows kitufe cha kumaliza ingizo ni Ctrl-Z, kikifuatiwa na Enter. Huo ni urithi wa CP/M wa Gary Kildall: mfumo huo ulihesabu ukubwa wa faili kwa mafungu ya baiti 128, ukakosa namna ya kujua maandishi yanaishia wapi ndani ya fungu la mwisho, ikabidi iwepo herufi ya kuonyesha mwisho. Kwenye Linux Ctrl-Z haimalizi ingizo. Inaisimamisha programu tu, na `fg` itairudisha.

Je, wajua kwamba mstari unaoichapia programu kwenye Linux hauwezi kuzidi herufi 4095? Zinazozidi hutupwa kimyakimya hadi Enter itakapofika. Hili huwaumiza wanaoandika `cat > ufunguo.txt` kisha wakabandika mstari mmoja mrefu sana: faili linahifadhiwa likiwa limekatwa mkia, na hakuna onyo lolote. Ukipitisha maandishi yaleyale kwa `<` au kwa bomba, kikomo hicho hakipo, kwa kuwa terminali haihusiki tena.

Sasa tuje kwenye jaribio ambalo karibu kila anayejifunza Linux hulifanya. Umefungua madirisha mawili. Kwenye la kwanza unaandika `tty`, unajibiwa `/dev/pts/3`. Unahamia la pili na kuandika:

    echo ls > /dev/pts/3

Unategemea dirisha la kwanza litaorodhesha mafaili. Neno `ls` linatokea kweli kwenye skrini yake, na hakuna kinachofuata. Sababu ni hii: dirisha la terminali na programu iliyomo ndani yake huzungumza kupitia kifaa chenye pande mbili. Programu ya dirisha imeshika upande mmoja, na kila unachochapa huingilia huko. Sheli imeshika upande wa pili, ule unaoitwa `/dev/pts/3`. Ukiandika kwenye upande wa sheli unakuwa umefanya kile ambacho sheli yenyewe hufanya inapotoa majibu, yaani kuchora herufi kwenye skrini. Hujaingiza kitu.

Kinyume chake kinashangaza zaidi. Ukiwa kwenye dirisha la pili ukaandika `cat < /dev/pts/3`, programu mbili zitakuwa zinasoma kibodi moja. Ukirudi kuchapa kwenye dirisha la kwanza, baadhi ya ulichochapa kitafika kwenye sheli na kingine kitachukuliwa na `cat`, bila utaratibu wowote.

Ipo njia ya siku nyingi ya kusukuma herufi kwenye ingizo la terminali kana kwamba zimechapwa. Inaitwa TIOCSTI, na ilikuwa hatari kwelikweli: mtumiaji mwenye ruhusa ndogo aliyeendeshwa kwa `su` kutoka kwenye terminali ya msimamizi aliweza kuacha amri kwenye ingizo la terminali hiyo, nayo sheli ya msimamizi ikaitekeleza. OpenBSD waliiondoa kabisa mwaka 2017. Linux toleo la 6.2, la Februari 2023, likaweka swichi ya kuizima.

Ukihitaji kweli kuichapia programu iliyo kwenye dirisha jingine, iendeshe ndani ya `tmux`, kisha tumia amri yake ya `send-keys`. `tmux` imeshika ule upande wa kwanza wa kifaa, upande wa kibodi, kwa hiyo inachosukuma huingia kama kimechapwa. `screen`, iliyoandikwa mwaka 1987 na Oliver Laumann na Carsten Bormann wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, huweza kufanya vivyo hivyo.

Je, wajua kwamba zipo programu zinazokataa kulishwa kwa faili? Jaribu kuipa `ssh`, programu ya kuingilia kompyuta ya mbali, nenosiri kwa bomba. Haitalipokea. Inapohitaji nenosiri hufungua `/dev/tty`, yaani terminali yenyewe, na kuiacha njia namba 0 kando. Makusudi yake ni kuhakikisha anayejibu ni mtu aliyepo. `sudo` nayo hufanya hivyo, mpaka uiambie `-S`.

`less` hutumia mbinu hiyohiyo kwa faida yako. Ukiandika `sort majina.txt | less`, maandishi yanaingia kwa njia namba 0, lakini kitufe cha `q` cha kutokea kinasomwa kutoka `/dev/tty`. Isingekuwa hivyo, usingekuwa na namna ya kusogeza ukurasa.

Kwa programu kaidi kuna `expect`, iliyoandikwa na Don Libes wa NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, na kutolewa mwaka 1990. Hufungua terminali ya kuigiza, huiweka programu ndani yake, husubiri swali, kisha hujibu. Programu huona terminali na haishuku kitu.

Tukizungumzia `ssh`, huu hapa mtego uliowapotezea wasimamizi wa seva saa nyingi za usiku. Una faili la majina ya seva 20, unataka kujua kila moja imewaka muda gani.

    while read seva; do
      ssh $seva uptime
    done < seva.txt

Inajibu seva moja, kisha mzunguko unakwisha bila kosa lolote. Zile 19 zimekwenda wapi? Zimesomwa na `ssh`. Alama ya `<` iliyo chini imelielekeza faili kwa kila kilichomo ndani ya mzunguko, siyo kwa `read` peke yake. `read` ikachukua mstari wa kwanza, `ssh` ikakuta njia namba 0 iko wazi, ikazoa mistari yote iliyobaki na kuipeleka kwenye seva ya kwanza, ambako `uptime` haikuihitaji. `read` iliporudi ikakuta faili limekwisha. Tiba ni kuandika `ssh -n`, au kuongeza `< /dev/null` mwishoni mwa mstari wa `ssh`. `ffmpeg` ina tabia hiyohiyo, na dawa yake ni `-nostdin`. Kama kuna jambo moja la kukariri katika ukurasa huu, liwe hili: programu uliyoiweka ndani ya mzunguko hurithi ingizo la mzunguko.

`/dev/null` hiyo ni faili ambalo ukilisoma unaambiwa papo hapo kwamba limekwisha. Jirani yake `/dev/zero` haliishi kamwe.

Je, wajua kwamba ipo programu ambayo kazi yake pekee ni kusema ndiyo? `yes` huchapa herufi `y` mstari baada ya mstari hadi uizuie, na huunganishwa kwa bomba na programu inayouliza maswali mengi ya kuthibitisha. Tumia pale tu unapojua maswali yote yatakayoulizwa.

Tahadhari kubwa: usiandike kamwe `sort < majina.txt > majina.txt`. Sheli hufungua mafaili kabla programu haijaanza, na alama ya `>` hulifuta faili lolote inalolifungua. `sort` ikianza inakuta faili tupu, inapanga utupu, inamaliza kwa furaha, na orodha yako haipo tena. Andika `sort -o majina.txt majina.txt`, kwa kuwa `sort` husoma kila kitu kwanza ndipo iandike. Au weka `set -o noclobber` kwenye mipangilio ya bash, na `>` itakataa kulifuta faili lililopo.

Je, wajua kwamba ingizo linaweza kuandikwa ndani ya skripti yenyewe, bila faili la pembeni? Alama ni `<<`, ikifuatwa na neno lolote utakalolichagua kuwa kikomo.

    sort <<MWISHO
    Neema
    Asha
    Juma
    MWISHO

Jibu ni Asha, Juma, Neema. Uwezo huu ulienea na sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979. Lakini angalia fedha. Ukiandika ndani yake "Ada ni $50", bash itatoa "Ada ni 0", kwa sababu huichukua `$5` kuwa jina la thamani isiyokuwepo na kubakiza sifuri ya mwisho. Weka kikomo ndani ya alama za kunukuu, `<<'MWISHO'`, na kila herufi itapita kama ulivyoiandika. Barua ngapi za ada zimetumwa zikidai sifuri!

Programu uliyoipeleka nyuma kwa `&` haiwezi kusoma kibodi. Ikijaribu, kerneli huitumia ishara ya SIGTTIN na inasimama hapohapo. Ukiona neno `Stopped` bila sababu, mara nyingi programu ilikuwa inataka kukuuliza kitu.

Mwaka 1986 Jon Bentley, katika safu yake kwenye jarida la Communications of the ACM, alimwomba Donald Knuth aandike programu ya kusoma maandishi na kutaja maneno yanayojirudia zaidi. Knuth aliandika programu ya kurasa kadhaa, kazi ya ustadi wa hali ya juu. McIlroy, aliyepewa kuihakiki, akaonyesha kwamba amri sita zilizounganishwa kwa mabomba zinatosha. Kwa namna ya leo zinaweza kuandikwa hivi:

    tr -cs A-Za-z '\n' < habari.txt |
    tr A-Z a-z | sort | uniq -c |
    sort -rn | head

Amri ya kwanza huvunja maandishi kuwa neno moja kila mstari, ya pili huondoa herufi kubwa, kisha yanapangwa, yanahesabiwa, yanapangwa tena kwa wingi na kumi ya kwanza yanaonyeshwa. Kwa Kiswahili inakwenda vizuri kuliko kwa Kifaransa, maana herufi zetu hazina vialama juu yake. Inakwama mahali pamoja: ng'ombe. Alama ya ritifaa haimo katika A hadi Z, kwa hiyo ng'ombe hukatwa ikawa `ng` na `ombe`, ng'ambo ikawa `ng` na `ambo`, na orodha yako itadai kwamba Waswahili wana neno "ng" walipendalo sana. Ongeza ritifaa kwenye orodha ya herufi zinazoruhusiwa:

    tr -cs "A-Za-z'" '\n' < habari.txt

Bado kuna kikwazo kimoja. Programu nyingi za kuandikia barua hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu, wakati `tr` ya GNU husoma baiti moja moja. Tanguliza `sed "s/’/'/g"` ili uzinyooshe kwanza. Anayetaka kutengeneza kamusi, kikagua tahajia au mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili asiipite hatua hii. Ng'oa, ng'ara, ng'ata, ng'amua, yote hayo hupotea kwa sababu ya alama moja.

Je, wajua kwamba bash inaweza kuchukua ingizo kutoka kwenye mtandao kwa alama ileile ya `<`? Andika `cat < /dev/tcp/time.nist.gov/13`, na seva ya saa ya NIST itakujibu tarehe na saa. Faili la jina hilo halimo kwenye diski. Ni bash inayolitambua jina na kupiga simu kwenye mtandao.

MS-DOS 2.0 ya mwaka 1983 iliazima `<`, `>` na `|` kutoka Unix. Kwa kuwa haikuweza kuendesha programu mbili kwa pamoja, bomba lake lilikuwa faili la muda: ya kwanza iliandika hadi mwisho, ndipo ya pili ikaanza kusoma. Na PowerShell, sheli mpya zaidi ya Microsoft, haikubali `<` hata leo. Ukiiandika unaambiwa alama hiyo imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Huko unatumia `Get-Content` na bomba.

Je, wajua kwamba Linux yenyewe ilianza kama programu ya kuiga terminali? Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliandika programu ya kumwezesha kuzifikia kompyuta za chuo kwa modemu kutoka nyumbani. Ilikuwa na kazi mbili zinazopokezana: moja ilisoma kibodi na kupeleka kwenye modemu, nyingine ilisoma modemu na kupeleka kwenye skrini. Akaongeza uwezo wa kuhifadhi mafaili, akaendelea kuongeza, na kilichotokea leo kimo ndani ya kila simu ya Android.

Ndiyo, simu hiyohiyo. Huhitaji kompyuta kujaribu yaliyomo humu. Termux, programu inayopatikana kwenye duka la programu la F-Droid, hukupa bash, `sort`, `tr` na `wc` kwenye simu ya Android, na mifano karibu yote hapo juu inafanya kazi ndani yake.

Kubandika nako ni kuingiza. Zamani mistari mitatu iliyobandikwa kwenye sheli ilitekelezwa papo hapo, hata kama ndani yake mlifichwa amri usiyoiona kwa macho. Sasa terminali huzungushia ulichobandika alama za kuanzia na kumalizia, na bash tangu toleo la 5.1, la Desemba 2020, huonyesha maandishi hayo na kusubiri Enter yako.

Kinga hiyo haipo unapoandika `curl` na anwani fulani, kisha bomba, kisha `bash`, kama maelekezo mengi ya usakinishaji yanavyoshauri. Hapo umempa mtu usiyemjua njia namba 0 ya sheli yako. bash hutekeleza amri kadiri zinavyofika, kwa hiyo mtandao ukikatika katikati utakuwa umetekeleza nusu ya skripti, na nusu hiyo inaweza kuwa ile inayofuta bila ile inayorudishia. Zaidi ya hayo, seva inaweza kutambua, kwa mwendo wa upokeaji, kwamba upande wa pili kuna bash na siyo mtu anayesoma, ikatuma kitu tofauti na ambacho ungekiona kwenye kivinjari. Kwa hiyo, msomaji, pakua kwanza kwa `curl -o sakinisha.sh`, lifungue faili kwa `less`, lisome hadi mstari wa mwisho, na ukikuta amri usiyoielewa usiliendeshe mpaka umemuuliza anayejua.